Vitu Arobaini na Sita vya Kufuta

Siku ile mjinga alikuwa yeye, na Elkana Mogaka hulisema mwenyewe, mapema, kabla mwingine hajamsaidia kulisema. Miaka ishirini na miwili ya London imemfundisha hivyo: ukichelewa kujicheka, watakucheka hata wasiokujua jina.

Ila saa tano asubuhi ya Jumatano hiyo alikuwa bado hajui. Aliingia Wodi ya Tisa ya Hospitali ya Mtakatifu Oswin akipiga mluzi, koti limelowa, ripoti ya kurasa nne kwapani. Kazi yake hospitalini ilikuwa kuwasaka wauaji wasio na miguu: vidudu vinavyokaa kwenye vyuma vya vitanda na vitasa vya milango vikingoja mkono wa kuvibeba. Wauguzi walimwita Inspekta. Alijifanya hapendi.

"Inspekta, umekuja na pingu?" aliuliza Sista Makena, mkuu wa wodi, bila kuinua macho kutoka kwenye kompyuta.

"Pingu nimezisahau kwenye basi. Nimekuja na karatasi."

"Basi weka karatasi hapo, nikupe habari. Mama Serah ameteremshwa kwa wagonjwa mahututi alfajiri. Tumbo limejaa kama ngoma. Wanazungumza habari ya kumkata utumbo."

Mluzi ulikatika.

Mama Serah alikuwa mpishi mstaafu wa shule huko Wembley, mwenye miaka sabini na mmoja. Alilazwa kwa nimonia, nimonia ikapona, akawa anangoja tu kurudishwa nyumbani. Kila asubuhi Elkana akipita alimwita mwanangu na kumwuliza kama ameoa tena.

"Jana alikuwa anaharisha tu," Elkana alisema.

"Jana."

Adui alikuwa na jina: C. diff, kidudu cha tumboni kinachowavamia hasa wale waliokunywa antibiotiki. Kilianza chumba cha wanaume. Mzee Luc, Mkongo wa kitanda cha dirishani, ndiye wa kwanza; baada yake wawili zaidi, na wote watatu wakahamishiwa vyumba vya peke yao. Alipougua wa pili, Makena aliigawa wodi katikati. Wauguzi wa wanaume hawavuki korido, wa wanawake hawavuki, toroli za dawa mbili, za chakula mbili. Chumba cha wanawake kikabaki safi siku zote hizo, hadi jana, Mama Serah.

"Mtu mmoja tu ana ruhusa ya kufanya kazi pande zote mbili," Elkana alisema, akigongagonga ripoti. "Msafishaji."

"Annonciata husafisha wanawake kwanza, kisha wanaume, halafu anabadili kila kitu. Nimemwona kwa macho yangu."

"Nami nimemwona kwa kurunzi."

Alimweleza tena, maana aliipenda hadithi hiyo. Alhamisi iliyopita alipita chumba cha wanaume na kalamu yenye jeli isiyoonekana kwa macho. Alitia nukta kwenye vitu arobaini na sita, vilevile vilivyo kwenye orodha ya msafishaji: vyuma vya kitanda, kengele, vitasa, bomba, kiti cha choo, kingo ya dirisha. Jeli hiyo ikikauka haitoki kwa kuguswa. Inataka kitambaa chenye maji. Ijumaa alimulika kwa kurunzi ya mwanga wa zambarau, na nukta zote arobaini na sita zilikuwa zimefutwa.

"Kwa hiyo anafuta," Makena alisema.

"Anafuta kama mtu anayetafuta dhahabu chini ya rangi. Lakini jana, majibu ya Mama Serah yalipotoka, nikamulika chumba cha wanawake, ambako sikutia nukta hata moja. Kwenye jalada la kitabu chake cha nyimbo kuna alama inang'aa kama kimulimuli. Jeli ya wanaume imevuka korido, Sista. Imevukaje? Kwa kitambaa. Kitambaa kimoja, vyumba viwili, Alhamisi alipoona muda umembana." Alikuna kovu la kidole gumba, kama afanyavyo akiridhika. "Kampuni yake ya usafi wameniomba maoni, nami nimewapa. Kikao ni saa tisa."

"Na saa tisa na nusu hana kazi."

"Mwanga haudanganyi."

"Mwanga haudanganyi, lakini haujataja jina. Umelitaja wewe." Makena sasa aliinua macho. "Umemsikiliza?"

Elkana hakuwa amemsikiliza.

"Nenda kamsikilize. Kabla hujampeleka mtu nyumbani kwa kurunzi."

Stoo ya usafi ilikuwa mwisho wa korido, ndogo kiasi kwamba mlango ulifunguka nje kwa kukosa pa kufungukia ndani. Annonciata alikuwa amesimama akiyeyusha vidonge vya klorini, aproni mpya mwilini, orodha yake iliyopakwa plastiki ikining'inia kwenye msumari. Mwanamke wa miaka hamsini, wa Uvira. Alingoja karatasi za ukimbizi miaka saba, na alikuwa na tisa katika kazi hii.

"Ketini, Papa Elkana. Kiti ni hiyo ndoo."

Alikaa kwenye ndoo. "Unajua kilichonileta."

"Najua. Barua ilifika mbele yenu."

"Ukitoka kwa wanaume unabadili kitambaa?"

"Nabadili ndani kule kule, kitanda kwa kitanda. Buluu moja, kitanda kimoja, nakitupa. Kwenye vile vyumba vya wale waliotengwa ni ya njano. Mufungue mfuko wa taka muhesabu."

"Na Alhamisi?"

"Alhamisi mulisimama nyuma yangu kutwa, kama askari wa kwenye barrière ya barabarani. Ju ya nini mnaniuliza mimi? Jiulizeni."

Elkana alicheka kidogo, kwa sababu alikuwa bado na kicheko. Akatoa simu na kumwonyesha picha ya jalada la kitabu cha nyimbo, jinsi lilivyoonekana gizani chini ya kurunzi: weusi mtupu, na katikati doa la kijani lenye mwanga.

Annonciata alivaa miwani. Alitazama muda mrefu kuliko Elkana alivyowahi kulitazama doa lile.

"Papa, hii kalamu yenu muko nayo?"

"Ninayo."

"Tilieni nukta hapa." Alimpa kifuniko cha ndoo. Elkana akatia nukta. Yeye akachovya kitambaa cha buluu, akakikamua, akafuta mara moja tu, kivivu, jinsi angefuta mtu mvivu. "Zimeni taa. Mulikeni."

Kwenye kifuniko mwanga ulitambaa kwa urefu, mpana mwanzoni na mwembamba mwishoni, kama njia aliyopita konokono.

"Kitambaa kinapiga mstari," Annonciata alisema gizani. "Hata kikiwa kichafu, hata mwenye kufuta akiwa mubaya, kinapiga mstari. Hii yenu haina mstari. Ni ya mviringo, imekaa pahali pamoja. Hii ni kidole."

Elkana aliikuza picha. Ndani ya doa kulikuwa na mistari myembamba iliyojipinda, mmoja ndani ya mwingine. Alikuwa ameiona jana na kuiita michirizi.

"Inaweza kuwa kidole chako," alisema, ila polepole.

"Mi navaa glavu. Glavu haina mistari."

"Labda uliivua."

Annonciata aliwasha taa, akavua glavu zote mbili, akamwekea vidole gumba chini ya pua. Vilikuwa laini kama upande wa ndani wa yai. Hakuna pindo, hakuna mstari.

"Klorini ilikula yote. Tulipoenda kuzika mama, ile mashine ya airport ilinikataa mara nne. Askari akaniuliza kama niko mutu." Alivaa glavu mpya. "Na tazameni tena, Papa. Mwenye kidole hiki aliumia. Hapa katikati kuko kama barabara imepita kwenye shamba."

Ilikuwepo. Ukanda mweusi uliokatiza mistari yote kimshazari.

Elkana alisimama, akatia simu mfukoni, na mkono ukabaki humo humo pamoja na simu. "Basi namtafuta mwenye barabara."

"Mumutafute mbele ya saa tisa. Niko na watoto wawili kwenye masomo, na kazi ni hii moja."

Kwa saa moja na nusu Elkana alisoma viganja kama mpiga ramli wa sokoni. Aliwashika wauguzi wa pande zote mbili, wahudumu wa chakula, madaktari wawili na kijana mmoja wa mazoezi ya viungo. Kila mmoja alimtania: wewe utaolewa Krismasi, wewe acha sigara. Macho yake yalikuwa kwenye vidole gumba.

Daisy, muuguzi wa chumba cha wanawake, ndiye pekee aliyekuwa na plasta. Elkana alimpeleka kando ya dirisha.

"Umeumia lini?"

"Jumamosi. Nilikatwa na mkebe wa samaki."

"Una shahidi?"

"Paka. Kwani kuna nini?"

"Vua plasta."

Alivua. Kidonda kibichi, kifupi, ubavuni mwa kidole. Barabara ya kwenye picha ilipita katikati. Isitoshe, kalamu ya jeli ilitoka kabatini Alhamisi tu, na tangu jioni hiyo hadi leo ilifungiwa. Kidole kilichoacha alama kilikuwa na kovu tayari siku ya Alhamisi.

"Rudisha plasta, ishi kwa amani," Elkana alimwambia.

Saa saba na robo alikuwa ameangalia watu kumi na tisa. Wote wazima. Njaa ilimpeleka chumba cha wanaume, kwa sababu ndiko alikokula tangu Alhamisi, viazi vyake vya kukaanga magotini, karibu na kitanda cha Mzee Sunil.

Mzee Sunil alizaliwa Kisumu, akauza misumari na mabati huko, na tangu miaka ya sabini alikuwa Kingsbury, London, akiuza misumari na mabati. Alivunjika nyonga kwenye ngazi za msikiti wa jirani yake, alikoenda kuhudhuria harusi. Kiswahili chake kilikuwa cha Kisumu ya zamani, na hakukiazima kwa mtu.

"Mogaka, njoo uone. Leo wametupikia sabuni." Alionyesha sahani: viazi vilivyopondwa, maharage ya rangi ya ukuta. "Hii viazi ilikufa kitambo, hawakutangaza."

"Kula, mzee. Nyonga haiungi kwa matusi."

"Nipe dawa basi."

Dawa ilikuwa nyuma ya pazia, kwenye kingo ya dirisha, ambako kwa mbali tao la uwanja wa Wembley lilionekana kwenye mvua. Chupa ya kilo nzima: pilipili ya ndimu na haradali, aliyoitengeneza mkewe, Poonam. Aliileta siku mzee alipolazwa, wiki mbili zilizopita. Chakula cha kutoka nje kilikuwa marufuku wodini, na Makena angeitupa, kwa hiyo iliishi nyuma ya pazia na chumba kizima kiliilinda. Wakongo, Wakenya, Mganda wa Harlesden, kila aliyepita kwenye vitanda vile alikuwa mwanachama. Saa sita ikifika chupa ilianza safari, mkono kwa mkono, kitanda kwa kitanda.

Isipokuwa kitanda cha mlangoni. Hapo alilala Mzungu, dereva mstaafu wa treni za chini ya ardhi. Siku ya kwanza aliletewa chupa puani tu, akabonyeza kengele ya dharura.

Elkana alinyosha mkono kuichukua chupa. Mkono ukasimama hewani.

Ukurasa wa tatu wa ripoti yake ulikuwa na jambo moja lililomkera. Yule dereva alilala chumba kimoja na Mzee Luc. Choo kimoja, antibiotiki zilezile, siku zilezile. Kwa hesabu zote angekuwa wa pili kuugua, na hakuugua. Elkana aliandika: bahati.

"Mzee," alisema, "Luc alikuwa akitumia hii?"

"Luc? Luc ilikuwa inamaliza. Mimi naambia yeye, hii si supu."

"Alifungua mwenyewe?"

"Nani atafungulia yeye? Kila mtu ana mkono."

"Na wenzake walioumwa, Mganda na yule wa Nakuru?"

"Wote. Ndiyo chama." Mzee Sunil aliacha kutafuna. "Mimi nakula pia, na mimi si gonjwa."

"Wewe umekuja na nyonga. Hukupewa antibiotiki. Tumbo lako bado lina walinzi." Elkana alisikia sauti yake ikitoka bila mzaha, akashangaa ni ya nani. "Mzee, usiiguse tena. Naomba nivute pazia."

Alivuta mapazia yote, ya dirisha na ya kitanda. Alivaa glavu. Akawasha kurunzi.

Ijumaa alimulika chumba hiki hiki. Alimulika kingo ya dirisha, kitu cha kumi na tisa, akaikuta safi, akafurahi. Chupa ilikuwa shubiri moja kutoka kwenye kurunzi. Hakuimulika kwa sababu haikuwa kwenye orodha.

Sasa aliimulika. Shingoni na kwenye kifuniko kulikuwa na alama tatu za kidole gumba, za kijani, kali, kama zimepigwa muhuri. Katika kila moja, ukanda mweusi wa kimshazari.

Elkana alivua glavu ya mkono wa kulia. Hakukuwa na sababu ya kuharakisha na bado aliipasua. Aligeuza kidole gumba kwenye mwanga. Alikuwa na miaka tisa, Nyamira, alipojikata akimenya muwa kwa panga la mjomba wake. Kovu lilianzia kando ya ukucha, likakatiza nyama yote hadi kwenye kiungo.

Aliliweka kando ya chupa. Barabara mbili, mwinamo mmoja.

Alikaa kitandani kwa mgonjwa, jambo ambalo huwakataza wageni mara kumi kwa siku, akakumbuka, akasimama tena.

"Mogaka, umeona nini?" Mzee Sunil aliuliza. "Umekuwa mweupe. Kwa mtu kama wewe hiyo ni safari."

Alhamisi ilikuwa inamrudia kipande kwa kipande, na hakuna kipande alichoweza kukikataa. Alivua glavu atie saini, kalamu ya jeli ikamvujia mkononi, akahisi ubaridi kidoleni, asione kitu kwa kuwa jeli haina rangi. Alijipaka ile dawa ya mikono ya ukutani, ambayo yeye mwenyewe huwafundisha wauguzi kila mwezi kwamba haiui mbegu za C. diff, zinaondolewa na maji na sabuni peke yake. Kisha sauti ya Mama Serah, kutoka ng'ambo ya korido: "Elkana mwanangu, hiyo harufu ni ya nini? Mnataka nitoroke?" Naye, kwa kuchangamka kwake, alichukua chupa iliyopita mikononi mwa wagonjwa watatu, akavuka korido aliyoisaidia kuifunga. Alisukuma kitabu cha nyimbo kando kwa kidole gumba apate nafasi mezani. Mama Serah alijimiminia mwenyewe, akalamba kidole, akasema, sasa nimepona.

Na mlangoni, akirudi, alisimama Annonciata na ndoo yake. "Papa, hiyo chupa, niifute?"

Alimjibu nini? Alimjibu kwa tabasamu. Mama, wewe shika orodha yako. Chakula cha wagonjwa si kazi ya wasafishaji.

Elkana alichukua kipimo shingoni mwa chupa kwa pamba, akaifunga ndani ya mifuko miwili, akaandika saa. Halafu alienda kwenye sinki akaosha mikono hadi viwikoni, kwa sabuni, mara mbili, na hakupiga mluzi.

Makena alimsikiliza amesimama. Alipofika kwenye pilipili, alikaa.

"Chupa," alisema. "Nimefunga wodi. Nimewazuia watu wasione mama zao. Kumbe chupa ya pilipili nyuma ya pazia langu."

"Na mimi nyuma ya chupa."

"Maabara watajibu lini?"

"Jumamosi."

Makena alitazama saa ya ukutani. Saa nane na dakika arobaini. "Kwa hiyo leo huna ushahidi wa kidudu. Una kidole tu. Ungeweza kuomba kikao kiahirishwe, ungoje Jumamosi, useme uchunguzi unaendelea. Hakuna uongo hapo."

"Barua yake inasema leo. Wakiahirisha, watamsimamisha kazi akingoja, kwa ripoti yangu."

"Ukisema leo, anayesimamishwa ni wewe. Unajua hilo? Mkuu wa kuzuia maambukizi aliyebeba maambukizi. Watakutoa hata kwenye picha za ukutani."

"Ile picha sikuipenda."

"Elkana. Acha mchezo kidogo."

"Nikiuacha nitaanguka hapa." Alichukua kifuniko cha ndoo alichokitoa stoo, na kurunzi. "Mama Serah?"

"Wamemfungua saa saba. Bado wako naye. Hawajasema."

Kikao kilikuwa ghorofa ya chini, chumba kisicho na dirisha, meza kubwa kuliko haja. Upande mmoja alikaa Annonciata, mikono juu ya meza, orodha yake mbele yake. Upande wa pili Sonal, meneja wa kampuni ya usafi, mwanamke wa miaka thelathini na kitu aliyezaliwa Kingsbury. Wazazi wake walitoka Nakuru. Kiswahili alikisikia jikoni kwa bibi yake, akakielewa chote, akakijibu kwa Kiingereza maisha yake yote. Makena alikuwa amekuja kumtafsiria Annonciata, na ilionekana mapema kwamba Sonal hangoji tafsiri.

"Bwana Mogaka, ripoti yako iko wazi," Sonal alianza. "Tukubaliane tu hapa kwamba—"

"Ripoti yangu si kweli," Elkana alisema.

Alizima taa. Akamulika kifuniko, mstari wa konokono. Akaonyesha picha ya kitabu, kisha ya chupa. Kisha akaweka kidole gumba chake mezani chini ya mwanga, kama mtu anayelipa kwa nyama yake. Alisema siku, saa, na nani alikula. Alisema dawa ya ukutani. Alipofika kwa Mama Serah alisema maneno machache.

"Aliyevusha kidudu kwenye korido ni mimi," alimaliza. "Naomba iandikwe kabla sijatoka."

Taa ikawashwa. Kalamu ya Sonal ilikuwa imesimama katikati ya neno. Alimtazama Elkana kama mtu aliyeita zimamoto, na zimamoto amekuja na kiberiti.

Lakini Sonal alikuwa na mkataba mkubwa wa kulinda, na hospitali inayotafuta pa kutupia lawama si yeye aliyeizaa. Alijikusanya.

"Sawa. Hilo ni lako na wakubwa wako. Mimi nabaki na langu." Alimgeukia Annonciata. "Chupa ilikaa dirishani wiki mbili. Uliiona?"

"Niliiona," Annonciata alisema. "Kila siku naiinua, nafuta chini yake, naiweka. Dirisha ni namba kumi na tisa."

"Na chupa yenyewe?"

"Haina namba."

"Ungeuliza."

"Niliuliza. Alhamisi, pale mlangoni. Papa huyu akasema nishike orodha yangu."

"Ni kweli," Elkana alisema. "Neno kwa neno."

"Kwa nini hukusema hivyo stoo, alipokuhoji?" Makena alimwuliza kwa sauti ya chini.

"Hakuniuliza chupa. Aliniuliza kitambaa."

Sonal aliegemea mbele. "Nisikilize, Annonciata. Msafishaji mzuri haongozwi na orodha. Anaongozwa na macho. Uliona mkono wake umeshika kitu kichafu. Ulimwona anavuka nacho kwenda kwa wagonjwa wazima. Ukarudi kwenye ndoo yako, ukanyamaza. Hilo nalo ni kosa la usafi, na sitaliacha lipite hivi hivi."

Makena alifungua mdomo kutafsiri. Annonciata alimwinulia kiganja, alikuwa ameelewa. Akachukua orodha yake, akaifuta kwa pindo la aproni mbele na nyuma, akaisukuma juu ya ile meza kubwa hadi ikagusa kalamu ya Sonal.

"Vitu arobaini na sita, Madamu. Nimevisoma vyote. Mkono wa mkubwa haumo. Muuandike hapo namba arobaini na saba, kesho asubuhi nitaufuta."